Picha ya Ukubwa wa Msiba

Siniva alikataa kupigwa picha bila kofia.

"Siwezi kukaa kichwa wazi mbele ya wageni," alisema, na akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Hakuna wageni, mama. Ni mimi, Vaosa," alijibu binti yake kutoka nyuma ya kamera.

"Na huyo mwenye jicho moja?"

Leitu, mke wa mwanawe, aliziba mdomo kwa kanga ya mkononi ili asicheke. "Hiyo ni kamera, mama. Haina mtu ndani."

"Basi mwambieni asinikodolee hivyo. Mimi ni mke wa mtu."

Mume wake alikuwa amezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita, hatua ishirini kutoka pale alipokaa, chini ya kaburi jeupe mbele ya nyumba ambalo watoto walianikia nguo. Hakuna aliyemkumbusha. Leitu aliingia chumbani akaleta kofia nyeupe ya Jumapili. Siniva aliipokea, akaipuliza vumbi, akaivaa bila kioo, akailaza kidogo upande wa kushoto kama walivyovaa kina mama wa kijiji cha Fusilima alipokuwa kijana. Kisha akakunja mikono mapajani na kuitazama kamera. Ndivyo alivyokuwa akiwatazama wanawe walipoongea kanisani: bila hasira, kwa subira ya mtu ajuaye kwamba mwishowe watanyamaza.

Vaosa alibonyeza. Alipiga nyingine kumi na moja baada ya hiyo, lakini alijua ya kwanza ndiyo yenyewe.

Walikuwa bado wanakunja kitambaa cha nyuma Aukuso aliporudi kutoka shambani, kapu la magimbi begani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Siniva, mume wa Leitu, shemasi wa kanisa, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye sauti ya chini. Alitua kapu polepole.

"Nilisema nini mimi?"

"Ulisema asipelekwe popote," Vaosa alijibu. "Yuko kwake, kaka. Amekaa kwenye mkeka wake."

"Vaosa, usicheze na maneno."

"Sichezi. Nesi wa kliniki ameomba familia kumi. Jumamosi picha zinatundikwa soko la Salelologa, watu waelewe kwamba kusahau kwa namna hii ni ugonjwa kama sukari, si pepo wala laana. Tisa wamekubali. Nimeingia kwenye nyumba za watu tisa nikawaambia, mtoeni mama yenu, msimwonee haya. Wa kwangu je?"

"Watu wanajua mama anaumwa mguu."

"Mguu gani?" aliuliza Leitu. "Juzi nimemkimbiza mpaka darajani. Mguu huo ungekuwa wangu ningemshukuru Mungu asubuhi na jioni."

Habari ya mguu Aukuso alikuwa ameianzisha mwenyewe miaka miwili nyuma, na sababu yake ilikuwa ndogo. Jumapili moja, karani wa kanisa alipokuwa akisoma kwa sauti sadaka ya kila familia, kama inavyosomwa kila Jumapili, alifika kwenye jina lake: "Shemasi Aukuso, tala hamsini." Siniva, aliyekuwa amekaa mstari wa pili, akasema kwa sauti ya kawaida iliyofika mpaka nyuma, "Hamsini? Asubuhi ulisema huna hata ya mafuta ya gari." Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alicheka. Tangu siku hiyo Siniva hakwenda tena kanisani, wala harusini, wala kwa mdogo wake kijiji cha pili. Alihamishiwa nyumba ya nyuma, karibu na jiko, na mguu wake ukaanza kuuma.

"Ichapishe," Aukuso alisema mwishowe. "Ilete niione kwa macho yangu. Nikiona inamvunjia heshima, haitoki nyumba hii."

"Na kama haimvunjii?"

"Nimesema ilete niione."

Alichukua kapu lake akaenda jikoni. Siniva alimfuata kwa macho.

"Yule kijana ni wa nani?" aliuliza. "Anatembea kama ana deni na dunia."

* * *

Duka la picha la Vaosa lilikuwa kati ya duka la vipuri na la mikate, na ukutani palikuwa na karatasi ya saizi nne: pasipoti, mahafali, harusi, msiba. Saizi ya msiba ndiyo iliyomlisha. Watu walimletea picha ndogo ya marehemu, pengine imekatwa kwenye picha ya timu ya kriketi au ya kwaya, naye aliikuza mpaka ikawa na urefu wa mtoto wa darasa la pili, akaizungushia maua meupe ya lesi, akaandika jina chini, akaitia kwenye fremu nene ya rangi ya dhahabu. Kisha ilipakiwa nyuma ya gari, ikasimamishwa, ikatangulia jeneza hadi nyumbani. Kazi hiyo aliifanya miaka tisa. Mkono wake uliijua njia peke yake.

Alhamisi mchana, kabla ya kuiwasha mashine, alifunga mlango na kuomba. Aliomba kwa maneno machache, kwa sababu aliamini Mungu hana haja ya kuelezwa mambo ya nyumbani mwao. Alisema, "Bwana, kaka yangu si mtu mbaya. Mlainishe." Kisha alifungua kompyuta.

Nesi alikuwa ametaka picha kubwa, zionekane sokoni kutoka mbali. Kubwa kwa Vaosa ilikuwa moja tu. Lesi nyeupe ilikuja yenyewe kwenye skrini, na mahali pa jina, na mahali pa mwaka. Aliandika: Siniva, 1947. Kompyuta ikaongeza kistari kama ilivyozoea, na macho yake yakakipita. Fremu ilikuwepo moja tu ya kipimo hicho. Alipomaliza, alisimama mbele ya picha akajisikia vizuri. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Uso wa mama yake ulikuwa umetulia, na ile kofia iliyolala kushoto ilimpa ujeuri kidogo.

Leitu alifika alasiri kumsaidia kuibeba. Alivaa gauni lake jeusi, kwa sababu mengine yote yalikuwa na madoa ya utomvu wa ndizi, na jeusi huficha. Nyuma ya pikapu palikuwa na magunia mawili ya unga na mabati ya jirani, kwa hiyo picha haikuweza kulazwa. Leitu alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia, akaisimamisha picha na kuikumbatia kutoka nyuma, uso wa Siniva ukiangalia barabara.

"Ishike kama unavyomshika mwenyewe, wifi," Vaosa alisema. "Kioo hicho ndicho cha mwisho."

"Mwenyewe huwa hanishiki. Hunivuta nywele."

Walikuwa wamefika katikati ya Lalovao, kijiji kilicho kabla ya kwao, mtungi wa gesi uliotundikwa mbele ya kanisa kuwa kengele ulipogongwa mara tatu. Ilikuwa saa ya sala ya jioni. Vijana wa zamu, wamevaa shuka nyeupe viunoni, walijipanga barabarani na kuinua mikono. Vaosa alizima gari pale pale. Hakuna mtu anayepita kijiji wakati wa sala, na hakuna anayezungumza.

Gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya wazi ya mzee Ropati, nguzo na paa tu, na familia yake yote ilikuwa imekaa chini kuelekea barabara. Ng'ambo ya pili palikuwa na nyumba nyingine, na nyingine tena. Wimbo ulianza kila upande. Leitu, nyuma ya gari, aliinamisha kichwa juu ya fremu. Alikuwa amechoka. Alimwomba Mungu amfungue Aukuso moyo, kwa sababu kumfungia mama mlango na kumfungulia, mara ishirini kwa siku, miaka miwili, kulikuwa kumemkwaruza ndani mahali ambapo hakupajua jina. Alipokuwa akiomba, machozi yalimtoka, akayaacha.

Dakika kumi na tano Siniva alitazama Lalovao kutoka kwenye fremu ya dhahabu, na Lalovao ikamtazama.

Kengele ilipogongwa tena, Vaosa aliwasha gari. Vijana wa zamu hawakuondoka tu barabarani kama kawaida. Walirudi nyuma hadi kwenye majani, wakaketi chini, wakainamisha vichwa mpaka gari lilipopita.

"Vijana wa Lalovao wamepata adabu siku hizi," Vaosa alisema dirishani.

"Hata wazee wamekaa," Leitu alijibu kutoka nyuma, akipangusa macho. "Labda mchungaji wao amewasema."

* * *

Picha haikupata pa kukaa ndani, kwa hiyo waliiegemeza kwenye nguzo ya mbele ya nyumba ya wageni, ile ya wazi ya kupokelea watu. Aukuso alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma. Taa ilikuwa imewashwa mapema ili aone.

"Ni yeye," alisema.

Vaosa alingoja.

"Haiendi."

"Inamvunjia heshima wapi, kaka? Nionyeshe."

"Haimvunjii." Alikohoa. "Ungenitolea picha ya mgonjwa, mdomo wazi, macho hayapo, ningeweza kusema, huyo ni mgonjwa, na aende. Lakini huyu ni mama kabisa. Huyu ndiye aliyenipeleka shule. Halafu watu wakae hapo chini yake wasome kwamba hajui kuoga."

"Hakuna patakapoandikwa hajui kuoga."

"Wataongeza wenyewe."

Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Aliitoa, akaona jina la Fuatino, mdogo wa mama yake aliyeishi Lalovao, akairudisha bila kuipokea. Kila alipopiga, Fuatino alitaka jambo moja: aje amwone dada yake. Simu ilitetemeka tena. Aukuso aliizima.

Siniva alikuwa amekuja kusimama kando yao, ameshikwa mkono na Leitu. Aliitazama picha kwa makini, akaikagua kofia, akakagua lesi.

"Huyu mama anangoja nini hapa?" aliuliza.

"Anangoja Aukuso aamue," Leitu alisema.

"Masikini. Atakula wapi leo?"

* * *

Ijumaa asubuhi Aukuso alikuwa anakuna nazi, kifua wazi, aliposikia wimbo wa kuaga wafu unakuja na barabara. Aliacha kukuna. Akawaza ni nani aliyekuwa mgonjwa upande ule. Kisha wimbo ukakata kona na kuingia uani kwake.

Mbele alikuwa Ropati, msemaji wa ukoo wa mama yake, na fimbo yake ndefu mkononi na usinga begani. Nyuma yake wanawake waliovaa nyeusi walikuja wawili wawili, kila wawili wamekunjua mkeka mmoja wa heshima, ile mikeka laini kama kitambaa yenye manyoya mekundu pembeni ambayo hutolewa siku kubwa tu. Mikeka ilikuwa sita. Walifuata vijana na nguruwe wawili waliookwa na maboksi ya samaki wa kopo. Mwisho kabisa alikuja Fuatino, ameshikwa makwapani na wanawake wawili, hana sauti tena ya kulia.

"Leitu," Aukuso aliita kwa sauti ya chini. "Nani amekufa?"

Leitu alitoka jikoni. Alitazama msafara. Akatazama picha nguzoni. Kisha akatazama gauni lake jeusi lililokuwa limeanikwa juu ya kaburi la baba mkwe, akakaa kwenye ngazi.

"Mama," alisema.

"Mama gani?"

"Mama yetu. Jana pale Lalovao, saa ya sala. Tulisimama naye mbele ya kijiji kizima, na mimi nilikuwa nalia."

Vaosa, aliyelala pale usiku ule, alikuwa ametokea mlangoni akifunga nywele. Alitazama ile fremu kana kwamba anaiona mara ya kwanza. "Saizi ya msiba," alisema taratibu. "Mungu wangu. Nimemtengeneza kwa saizi ya msiba."

"Mama abaki nyuma," Aukuso alisema haraka, akitafuta shati. "Fungeni mlango. Nitawaambia ni picha ya mtu mwingine, Vaosa alikuwa anaipitisha tu."

"Mtu gani huyo mwenye uso wa mama yako?" Leitu aliuliza.

"Basi sema wewe kitu."

"Mimi sisemi. Miaka miwili nimesema mguu. Uongo wangu umekwisha, Shemasi."

Vaosa alikuwa tayari anatandika mikeka ya kukalia. Wageni wakifika na mikeka ya heshima, wanapokelewa, hata kama ardhi inapasuka. Aukuso alivaa shati juu ya makapi ya nazi, akaenda kukaa mahali pake kwenye nguzo ya kichwa cha nyumba. Ropati alisimama nje juani, akaegemea fimbo, akaanza. Alisalimu ukoo, akasalimu kijiji, akasalimu kanisa. Kisha sauti yake ikashuka.

"Tumekuja kumlilia dada yetu. Jana tulimwona akipita. Tulijua mtatuma mtu, lakini hatukuweza kungoja."

Wanawake walipokea kwa wimbo, ubeti wa pili. Na ubeti huo ndio uliofika nyumba ya nyuma.

Siniva alikuja akiufuata wimbo kama mtu aliyechelewa ibada. Alikuwa na gauni la kushindia na ndara mguu mmoja. Mlango ulikuwa haujafungwa, kwa sababu hakuna aliyemtii Aukuso. Alipita katikati ya nyumba ya wageni, akaketi mbele, mahali pa mama mwenye nyumba, kando ya picha yake, akadaka wimbo kwa sauti ya pili.

Sauti za nje zilikatika moja baada ya nyingine. Siniva aliimba peke yake mpaka mwisho wa ubeti, kwa utulivu, kama anayewangoja wenzake wakumbuke maneno.

Mwanamke mmoja aliachia pembe ya mkeka.

"Usiuburute," Siniva alimwambia. "Huo si wa kulalia." Kisha akainua mkono na kutoa kelele ya kushukuru mikeka, ile ndefu ya furaha ambayo mama mwenye nyumba hutoa ukoo mwingine unapomletea heshima. Aliitoa yote, kwa mpangilio wake, bila kukosa neno. Mwanamke huyu asubuhi ile alikuwa amemuuliza Leitu kijiko ni cha nini.

Fuatino alijitoa mikononi mwa wale waliomshika. Alisahau utaratibu wote, akapanda kwenye nyumba ya wageni na viatu, akapiga magoti mbele ya dada yake na kumgusa mashavu.

"Dada."

Siniva alimtazama.

"Fuatino," alisema, "mbona umenenepa hivi? Na nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, dada." Fuatino alikuwa anacheka na kulia, na kamasi zinamtoka. "Hakuna."

"Ahsante Mungu. Basi futa pua, kuna watu."

Ropati alikuwa msemaji kwa miaka arobaini na alijua hotuba za kila jambo. Ya jambo hili hakuwa nayo. Alisogea mpaka kwenye picha, akaisoma kwa sauti. "Siniva. Alfu moja mia tisa arobaini na saba. Halafu kistari." Akageuka. "Hiki kistari ni cha nini?"

"Ni kosa langu, mzee," Vaosa alisema. "Kompyuta ilikiweka."

"Kompyuta yako ina haraka, binti. Malaika mwenyewe hajauliza."

Wachache walicheka. Aukuso aliona upenyo akauingia. "Mtusamehe sana, wazee wangu. Tumewasumbua. Ni kosa dogo la picha. Chukueni mikeka yenu, chukueni nguruwe, sisi tutakuja kuomba radhi rasmi."

"Tulia kwanza," Ropati alisema. Aliutoa usinga begani akaushika mkono wa kushoto. "Dada yako anapiga picha za wazima na wafu. Tungeweza kufikiri hii ni ya sikukuu. Tungeweza kufikiri ni ya kanisa. Unajua kwa nini hakuna aliyefikiri hivyo?"

Aukuso alifunga kifungo cha shati.

"Kwa sababu miaka miwili hatumwoni. Fuatino alikuja Krismasi, ukamwambia mama amelala. Alikuja Pasaka, amelala. Jana alikupigia mara mbili, ukazima. Mtu haonekani kanisani, hajaja kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wake, hata kwa simu hasikiki. Halafu inapita picha yake kubwa namna hii. Tufikiri nini? Sisi hatukumzika, Shemasi. Sisi tumeleta mikeka tu."

Kuku walisikika wakidonoa makapi ya nazi. Aukuso alisimama kutoka kwenye nguzo ya heshima, akashuka ngazi, akaenda kuketi chini kwenye kokoto, miguuni pa Ropati, chini kuliko wageni wake wote. Vaosa alitaka kumfuata, Leitu akamshika mkono.

"Mama haumwi mguu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote lakini ilisikika. "Ana ugonjwa wa kusahau. Daktari alituandikia miaka miwili iliyopita, nikaikunja karatasi nikaitia kwenye Biblia, nikabadili Biblia ninayosomea. Siku nyingi hanijui. Nilisema namlinda asichekwe. Nilikuwa najilinda mimi. Ile siku ya sadaka alisema kweli. Sikuwa na pesa ya mafuta. Zile hamsini Leitu alikopa kwao."

"Hayo ya sadaka tunayajua," Ropati alisema.

Aukuso aliinua uso.

"Lalovao nzima tunayajua, mwanangu, tangu jioni ile ile. Yalitufurahisha sana. Nasi tunasomewa sadaka." Safari hii walicheka wote, hata wale vijana waliobeba nguruwe, na Aukuso akajikuta ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika, na Leitu hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoona meno.

Ropati alimshika chini ya mkono akamwinua. "Mikeka hairudi," alisema. "Ukoo ukifika nayo uani kwa watu haigeuzi njia. Tulimletea aliyekufa, sasa tunampa aliye hai, na ni afadhali, atashukuru mwenyewe. Picha hii ilikuwa inakwenda wapi?"

Macho yote yalimgeukia Aukuso.

"Salelologa," alisema. "Kesho, sokoni. Nitaibeba mimi."

Nguruwe walikatwa pale pale na Leitu akaongeza magimbi na kakao ya moto. Kabla ya kula Aukuso aliomba, na katika maombi alimtaja mama yake kwa jina na ugonjwa wake kwa jina, mbele ya watu, mara ya kwanza. Siniva alisema amina kabla hajamaliza. Wakati wa kula aliuliza mara tatu nani amekufa, na mara tatu Fuatino akamjibu hakuna, na kila mara Siniva alimshukuru Mungu upya, kwa moyo wote, kwa sababu kwake habari ilikuwa mpya.

* * *

Jumamosi soko lilijaa mapema. Picha kumi zilitundikwa kwenye ukuta mrefu nyuma ya wauza ndizi. Vaosa alikuwa amekaa usiku wa Ijumaa akivitoa vistari vyote kumi. Nesi alizungumza kwa kipaza sauti kuhusu dalili, kuhusu subira, kuhusu kliniki ya siku ya Jumatano. Wengine walisikiliza, wengine walinunua ndizi.

Aukuso alisimama kando ya picha ya mama yake tangu saa mbili, amevaa shati jeupe la kanisani. Kila mtu aliyefika mbele yake akaanza kuinamisha kichwa, alimwahi.

"Yu hai. Yule pale, anabishana na muuza samaki."

Na kweli Siniva alikuwa pale, kati ya Leitu na Fuatino, akidai samaki yule ni wa jana. Na hakukosea.

Karibu na adhuhuri alikuja mzee mmoja mwembamba mwenye kapu la nazi. Alipita mbele ya picha, akarudi, akapita tena. Mwishowe alitua kapu.

"Huyu wako anakutambua?" aliuliza, akitazama picha na si mtu.

"Leo asubuhi ameniita mchungaji," Aukuso alisema. "Nimeitikia. Amenipandisha cheo."

Mzee alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. Alitazama huku na huku. "Kwangu ni mke wangu," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Majirani wanajua yuko New Zealand kwa watoto. Kila mwisho wa mwezi nanunua biskuti hapa, nawagawia, nasema amewatumia yeye."

Aukuso hakusema pole. Aliona pole ingemfanya mzee yule achukue kapu lake aondoke. "Yuko nyumba ya nyuma?" aliuliza.

"Ya nyuma. Karibu na jiko."

"Na wetu alikuwa huko huko."

Walisimama, mabega karibu kugusana, wakimtazama Siniva na kofia yake. Mzee alipangusa mikono kwenye shuka yake ya kiunoni.

"Huyo dada yako mpiga picha anaweza kuja lini?"

Aukuso hakumuuliza Vaosa. "Leo," alisema. "Soko likifunga. Naendesha mimi, na mama tutakuja naye, apate wa kuzungumza naye."

"Leo ni mapema sana. Nyumba haijapangwa."

"Ya kwetu pia haikupangwa."

Mzee alifikiri. Kisha akainama, akalinyanyua kapu la nazi begani, zote zikiwa bado hazijauzwa.

"Basi niwahi," alisema, "nikawaambie majirani amerudi."